Yowe Nililompigia Kaka

Ng'ombe mtamba wa jirani yetu alipopotea, kitongoji kizima kilitoka kumtafuta. Nilisimama mlangoni na ungo mkononi nikawaona wanaume wanapita na fimbo zao, wengine hawajanywa hata chai, na katikati yao alikuwepo baba yangu na koti lake la mvua, anatembea upesi upesi kama mtu aliyeitwa mahakamani. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia baba asubuhi ile. Najua ni mzazi, najua haisemwi. Nimeshasema.

Lakini mtamba ni mwisho wa habari, na mimi nina tabia ya kuanza na kile kinachoniuma. Nianze na kaka yangu.

Kaka alikuwa mkubwa kwangu, na kati yetu hapakuwa na mtoto mwingine. Alinifundisha kupiga mluzi, kuendesha baiskeli ya baba bila baba kujua, na kumenya saumu bila kuumiza kucha. Alipomaliza kidato cha nne alishuka Hanang, akapata kazi kwenye mashamba ya ngano karibu na Basotu. Alianza kwa kupakia magunia, baadaye akawa dereva wa kombaini, ile mashine kubwa ya kuvunia. Huku kijijini kwetu, Daudi, dereva wa kombaini ni mtu. Akija likizo alikuwa anavaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba. Mama alikuwa anamtengea maziwa mgando kwenye kibuyu chake peke yake, na jirani yetu, rafiki yake wa tangu utotoni, alikuwa anashinda kwetu akisikiliza habari za mashine mpaka ng'ombe wake wanaingia kwenye maharage ya watu.

Kisha kaka akarudi na haikuwa likizo. Alishuka kwenye gari la abiria wakati wa kupanda, hana begi, amevaa mabuti ya mvua na lile sweta la kijani ambalo mama alimfumia. Tulidhani amefukuzwa kazi na anaona aibu, tukamwacha apumzike. Akawa anakaa jikoni karibu na moto, halali. Siku moja aliigeuza redio ikatazama ukuta kwa sababu, alisema, mtangazaji alikuwa anamsema yeye. Siku nyingine alitaka kuku wafungiwe, maana wanapeleka habari. Nilicheka, naye akacheka, nikajua ni utani wake wa siku zote. Halafu akaacha kucheka. Akaniambia kwamba kule kwenye ngano kuna wazee wa wafugaji waliozikwa zamani, kwamba kila alipopita na kombaini waliongea chini ya magurudumu, na kwamba sasa wamemfuata mpaka nyumbani. Alisema taratibu, kwa adabu, kama anamwelekeza mgeni njia. Hapo ndipo nilipoogopa.

Watu hawakukosa majibu. Hiyo ni bangi, walisema waliomfahamu kidogo. Kalogwa na wenzake wa kazini, walisema waliomfahamu zaidi. Wengine walisema ni laana, amelima juu ya makaburi ya watu, anategemea nini? Kikundi cha maombi kilikuja kikamzunguka na kumpigia kelele kichwani mpaka akaziba masikio, nao wakasema mnaona, pepo anakataa kusikia neno. Mimi nilisema mtu yeyote akipigiwa kelele namna hiyo lazima azibe masikio, awe na pepo au asiwe naye. Niliambiwa nina mdomo. Ni kweli ninao.

Aliyesema neno la maana alikuwa muuguzi wa zahanati. Mama alimpeleka kaka kule kwa kisingizio cha kifua, nami nikaenda nao. Muuguzi aliongea na kaka muda mrefu, halafu akamgeukia mama.

"Mama, mtoto wako anaumwa. Ni ugonjwa kama magonjwa mengine, na una dawa. Nitakuandikia, mpelekeni hospitali kubwa."

Mama alirudi njia nzima akiongea. Tulipofika alimweleza baba kila kitu, hata rangi ya pazia la zahanati. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda anatengeneza mpini wa jembe. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza swali moja tu.

"Nani mwingine alikuwepo pale?"

Kwa heshima niliyokuwa nayo kwa baba siku hizo, nilidhani sikumsikia vizuri. Lakini mama alimsikia. Alianza kutaja: mke wa jirani alikuwepo, na wanawake wawili wa mtaa wa chini, na mzee fulani mwenye kidonda. Kila jina alilotaja, baba alikuwa anashusha mpini kidogo. Akasema hakuna mtu atakayempeleka mwanawe hospitali akaandikwe kichaa, na kwamba kijana akila vizuri atapona.

Lazima nieleze kwa nini jambo hilo lilikuwa na uzito hivyo, maana msomaji wa mjini atadhani baba alikuwa mkatili tu. Wakati ule mimi nilikuwa nimechumbiwa na mwalimu wa shule ya msingi kutoka Masieda, na washenga wa kwao walikuwa wameanza kuja. Kwetu posa haikubaliwi kwa maneno matamu. Wazee wa upande wa kijana wanapita kwa majirani wa binti, wanakaa, wanapewa uji, wanauliza kwa sauti ya chini: ukoo huu una kifafa? Una kichaa? Jirani mmoja akikohoa vibaya tu, posa imekufa. Na si ya binti huyo peke yake, hata za wadogo zake na za binamu zake. Baba alikuwa analinda mji wake mzima kwa kumficha mtu mmoja. Ndivyo alivyojihesabia, na ndivyo alivyoniambia: "Nafanya hivi kwa ajili yako."

Mimi nilikuwa nimeshamweleza mwalimu wangu habari za kaka, mwenyewe, kwa mdomo wangu huu. Alisema haina shida, hata kwao yupo shangazi yake aliyewahi kuumwa hivyo. Nilimwambia baba. Baba akasema, "Yeye hana shida. Wazee wake je?"

Siku washenga walipokuja, kaka aliwekwa stoo. Ni chumba cha mbao nyuma ya nyumba, tunaweka mahindi na majembe. Hakuburutwa, wala hakupiga kelele. Baba alimwambia aingie, akainama kwenye ule mlango mfupi akaingia, akauliza nikae mpaka lini, akajibiwa mpaka wageni waondoke. Alikuwa mtu mzima aliyewahi kuendesha mashine kubwa kuliko nyumba yetu, na bado aliuliza kwa adabu. Mlango ukafungwa kwa nje.

Wageni walikula, wakasifu maziwa. Katikati ya mazungumzo mluzi ukasikika kutoka nyuma ya nyumba, ule aliokuwa ananiita nao tulipokuwa wadogo tukichunga: mfupi, mfupi, mrefu. Niliinuka. Mama akanishika mkono, na vidole vyake vilikuwa na nguvu ambayo sikuijua. Mshenga mmoja akauliza nani huyo. Baba akasema ni kijana wa ng'ombe.

Stoo haikufunguliwa usiku ule. Asubuhi iliyofuata mama alipeleka uji stoo akakuta mbao za nyuma zimesukumwa nje, na kaka hayupo. Mabuti hayapo, sweta halipo. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mahindi, ambayo wakati huo yalikuwa yamefika magotini. Alama za mabuti zilitoka nyuma ya stoo zikaingia kwenye njia inayopanda msituni, na baada ya hapo ng'ombe wa watu walikuwa wamepita.

Nilimwambia baba apige yowe.

Sasa, yowe kwetu lina utaratibu wake, na nilikua nikiujua kama ninavyojua kupika ugali. Mji ukipoteza kitu, iwe ng'ombe, iwe mtoto, mwenye mji anasimama kwenye mwamba ulio juu ya nyumba zetu anapaza sauti. Kila nyumba lazima itoe mwanamume, na asiyetoka anatozwa dume la mbuzi. Wakishakusanyika, mwenyekiti wa kitongoji anauliza maswali mawili: "Yowe la nini?" na "Alama zake?" Anayejibu lazima ataje alama zote bila kuficha hata moja, baka, pembe iliyovunjika, sikio lililochanika, kwa sababu ukificha alama watu watampita ng'ombe wako wakidhani si yeye. Na kikipatikana kilichopotea, mwenyekiti anarudi nacho kwa yule aliyepiga yowe, anamuuliza tena yale yale mbele ya watu, ndipo anamwambia pokea. Hakabidhiwi mwingine. Mjane mmoja wa mtaa wa chini aliwahi kupiga yowe la mbuzi wake wakati shemeji zake wanadai mbuzi ni wao, na mbuzi alikabidhiwa mjane. Watu walilisifu sana jambo lile.

Baba alikataa. Washenga walikuwa wanarudi wiki ileile kupewa jibu la mwisho. "Atarudi," alisema. "Njaa itamrudisha." Kupiga yowe kulikuwa ni kutaja alama, na alama ya kwanza ya kaka wakati ule ilikuwa ile ambayo baba asingeitaja hata akishikiwa kisu.

Basi nilipanda mwambani mwenyewe nikapiga yowe. Nilipiga mpaka koo likawa na ladha ya damu. Mwanamke akipiga yowe kwetu watu wanajua ni moto au fisi, kwa hiyo walikuja mbio, na sikuwahi kupenda watu kama nilivyowapenda nilipowaona wanatoka kwenye ukungu na fimbo zao, kutoka kila upande, bila kujua wanaitiwa nini. Jirani, yule rafiki wa kaka, alifika wa kwanza. Mwenyekiti alifika akiwa na mswaki mdomoni. Akautoa, akauliza.

"Yowe la nini?"

"Kaka yangu amepotea."

"Alama zake?"

Nikazitaja. Mrefu, ana kovu juu ya jicho la kushoto, sweta la kijani, mabuti meusi, na mluzi wake nikaupiga pale pale ili wausikie. Halafu nikasema, "Na anaumwa akili. Akiitwa kwa nguvu atakimbia, muiteni taratibu."

 Wote walikuwa wanajua, mke wa jirani alikuwa ameshasema kisimani zamani. Lakini kujua na kuambiwa mbele ya watu ni mambo mawili, na niliona macho yao yanatoka kwangu yanakwenda nyuma yangu. Baba alikuwa amepanda. Mama alikuwa nyuma yake.

"Shikamoo, mzee," mwenyekiti alisema.

"Marahaba."

"Binti anasema kijana amepotea."

Baba aliwatazama wote. "Hakuna kilichopotea hapa," akasema. "Kijana amekwenda Basotu kwa mjomba wake. Ameondoka alfajiri, nimemsindikiza mwenyewe. Huyu binti amechanganyikiwa na mambo ya harusi. Nisameheni kwa usumbufu."

Mwenyekiti alimgeukia mama. "Mama, ni kweli?"

Nilimtazama mama. Nilimtazama kwa nguvu zangu zote. Mama alikuwa anatazama mikono yake, na akasema, "Ni kama baba yao alivyosema."

Kisha nikamtazama jirani, maana yeye hakuwa mtoto wa baba, hakuwa na posa ya kulinda. Alikuwa ameziona alama za mabuti njiani alipokuja, na alikuwa anajua buti la kaka kama anavyojua lake. Alichora kitu kwenye udongo kwa ncha ya fimbo. Kisha akageuka akashuka, na wengine wakamfuata. Mwenye mji amesema hakuna kilichopotea, na mwenye mji akishasema hivyo, yowe limekufa. Ndivyo walivyojua. Walikuja mbio kwa sauti yangu wakaondoka kwa sauti ya baba, na ukungu ulikuwa bado haujapanda.

Nilikwenda msituni peke yangu nikapiga mluzi mpaka mdomo ukafa ganzi. Msitu ule ni mkubwa na una makorongo, na mtu mmoja ndani yake ni sawa na hakuna mtu.

Nikatumia simu. Niliweka picha ya kaka kwenye makundi ya huku kwetu, nikaandika amepotea, anaumwa, mkimwona mnipigie. Simu haikupumzika. Watu wa Haydom walimwona stendi, wa Katesh walimwona sokoni, mmoja alimwona Babati akiwa amenenepa. Wengine waliandika Mungu amlinde, wakaweka mikono ya kuomba, wakaenda kulala. Wengine walijua zaidi kuliko mimi. Familia hizi za huko juu zinatoa watoto kafara, aliandika mtu ambaye simjui hata kwa sura. Mwulizeni baba yake mali kapata wapi. Mali ya baba ni ng'ombe wanne na nyumba ya bati. Halafu mtu akarusha video. Ilikuwa ya kaka, mnadani, kabla hajafungiwa, anawaeleza watu habari za wazee waliozikwa kwenye ngano, kwa ile adabu yake, na watu wanacheka, na anayechukua video anacheka kuliko wote na kumwambia, endelea kaka, na wazee wakasemaje? Nilikitambua kile kicheko. Kilikuwa kimeshinda nyumbani kwetu miaka mingi kikisikiliza habari za kombaini.

Nilikwenda nyumbani kwa jirani nikamwonyesha. Alisema ilikuwa utani tu, na yeye hakuirusha, aliitumia kwa mtu mmoja. Alinipa kiti. Nilikaa kwenye kiti chake nikakosa hata tusi, mimi ninayesifiwa kwa mdomo.

Kisha sauti ya mjomba ikaingia kwenye makundi. Mjomba, kaka yake mama, anaishi Basotu karibu na ziwa. "Kijana yupo kwangu," sauti ilisema, "anakula perege, ana afya, acheni kelele." Watu waliacha mara moja. Walinigeukia mimi. Sasa kumbe kichaa ni dada mtu, waliandika, wakaweka zile sura za kucheka mpaka machozi. Nami, niseme kweli, nilifurahi. Nililia kwa furaha jikoni, nikasema basi baba alisema kweli, nikasema nitamwomba radhi. Asubuhi nikapanda gari la Haydom, na kutoka Haydom nikapanda jingine mpaka Basotu, na nguo safi za kaka kwenye mfuko.

Ngano ilikuwa ya kijani mpaka inapogusa mbingu. Mjomba nilimkuta ufukweni ananunua samaki, nikamwamkia, akaitikia bila kunitazama. Nikamuuliza kaka yuko wapi. Akahesabu samaki wake, akawapanga kwenye ndoo, akawafunika kwa majani.

"Mwanangu," akasema, "baba yako alinipigia. Akaniomba niseme yupo. Alisema kijana ameonekana Mbulu mjini, ni suala la siku tu. Nikaona nisiharibu harusi yako."

"Aliyemwona Mbulu ni nani?"

Mjomba alifikiri. Niliona usoni mwake kwamba hakuwahi kujiuliza. "Hilo sikumuuliza," akasema.

Nilirudi na nguo za kaka kwenye mfuko. Watu wananiuliza kwa nini sikupiga kelele siku ile, kwa nini sikumwambia mjomba neno. Nilikuwa nimesalitiwa na watu wengi mno kwa mpigo mmoja, sikujua nianze na nani. Sauti ile ya mjomba ilikuwa imezima kila jicho lililokuwa linamtafuta kaka, kutoka Daudi mpaka Hanang, na aliyemtuma aseme hivyo ni aliyemzaa kaka.

Washenga hawakurudi. Walituma neno kwamba wamesikia binti mwenyewe ana matatizo ya kichwa, anapanda juu ya mawe na kupiga yowe la uongo. Mwalimu wangu alituma ujumbe mfupi wa kunitakia heri. Kwa hiyo hata hicho alichofungiwa kaka stoo hakikupatikana. Ningekuwa mtu wa kucheka vitu kama hivyo ningecheka.

Mahindi yalitoa mbelewele, yakakomaa, yakakauka. Mama alianza kuacha uji kidogo kwenye sufuria kila asubuhi bila kusema ni wa nani. Mimi na baba tulikuwa tunasalimiana. Shikamoo, marahaba, basi.

Ndipo mtamba wa jirani akapotea. Jirani alipanda mwambani akapiga yowe, wakaja wote. Yowe la nini? Mtamba. Alama zake? Mwekundu, baka jeupe kwenye paji, sikio la kulia limechanika. Hakuna aliyeuliza kama mtamba ana akili timamu. Walipanga mstari wakaingia msituni, kila mtu mkono kwa mkono na mwenzake, namna ile ile niliyotaka wamtafute kaka. Baba naye alikuwemo, kwa kuwa asiyetoka anatozwa dume.

Walimpata kabla ya mchana. Mtamba alikuwa mzima, amenenepa, anakula majani kwenye mdomo wa korongo. Chini ya korongo, kwenye kivuli cha mwamba, alikuwepo kaka. Alikuwa amekaa pale muda mrefu sana, na nitaishia hapo. Mahali penyewe si mbali. Ukisimama pale na mtu akapiga mluzi mwambani kwetu, hali ikiwa tulivu, unasikika.

Niliwaona wanarudi. Jirani alikuwa mbele anamvuta mtamba kwa kamba na analia waziwazi, makamasi yanatiririka. Nyuma yake watu walikuja wakiburuta fimbo zao. Wengine walikuwa wamebaki korongoni kuwasubiri askari. Mwenyekiti alikuwa amebeba sweta la kijani kwa mikono miwili. Walilikuta juu ya jiwe kando ya kaka, limekunjwa vizuri, mikono imeingizwa ndani, kama mama alivyotufundisha kukunja. Baba alitembea wa mwisho.

Uwanja wetu ulijaa. Wanawake walishaanza kuangua kilio, na simu zilishatolewa. Makundi yale yale yangeweka mishumaa kabla ya jioni, na kuandika pumzika kaka, na kuulizana kwa nini familia haikusema. Mama alikaa chini palepale alipokuwa. Baba alipita mbele ya watu, akasimama kwenye mlango wa nyumba yake, akanyoosha mikono kulipokea sweta.

Mwenyekiti alifika mbele yake. Akasimama. Sijui ni nini kilichomjia kichwani, maana siku ile ya kwanza hakikumjia. Alimtazama baba, akatazama ile mikono iliyonyooshwa, halafu akampita. Akaja nilipokuwa, karibu na stoo.

"Yowe la nini?" akaniuliza.

  Nilijua jibu linalotakiwa, na nilijua wote wananingojea nilitoe ili mambo yawe yamekwenda kwa utaratibu, wamepoteza, wametafuta, wamepata, wamekabidhi. Walikuwa wameukumbuka utaratibu siku ambayo hauwagharimu kitu.

"Nilishapiga," nikasema. "Mlinisikia."

Mwenyekiti aliinamisha kichwa, lakini hakuondoka. Akauliza la pili, sauti yake imekatika. "Alama zake?"

 Niligeuka nikamtazama baba mlangoni, mikono yake bado iko mbele, imefunguka, na watu wote wakageuka wakamtazama yeye. Nilisubiri. Nilikuwa tayari kusubiri mpaka jua lizame. 

"Mrefu," baba akasema. "Ana kovu juu ya jicho la kushoto."

"Na nini tena?" nikamuuliza.

Alitazama watu. Alitazama majirani zake wote, mmoja mmoja, kama siku ile mwambani. Kisha akashusha mikono, akaingia ndani, akafunga mlango.

Nikapokea sweta.